Kitambaa Juu ya Mashine ya Kamera

Kwangu Uthiru hakuna kitu cha stima kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, vyote nimefuma kwa mkono. Kwa hiyo binti yangu alipofungua saluni Kenyatta Market na kuweka kamera, ile mashine ya kurekodi niliivisha vitambaa viwili, maana vumbi na mafuta ya nywele havina adabu.

Siku ile nilifika saa sita mchana na chupa ya chai. Nikamkuta mwanamume waliyeachana naye amemshika binti yangu nywele, anamgonga kichwa kwenye kioo cha ukutani. Alitaka arudi kwake. Mteja alikuwa ametoroka na kichwa nusu kimesukwa. Nilimwambia aache. Akamwangusha, akamkanyaga mkono, na nikasikia mfupa ukivunjika. Sikusema mara ya pili. Nilimpiga na ile chupa usoni, nikarudia, na ya tatu ikapasuka, chai ikammwagikia shingoni. Ndipo akamwachilia. Hivyo ndivyo nilivyokumbuka.

Sisi tulienda hospitali. Yeye alienda polisi. Tulipofika kituoni alikuwa ameshachukua fomu ya P3, ile ya polisi ya majeraha, na kuandikisha kwamba binti yangu alimvamia kwa chai ya moto, akateleza, akajivunja mkono. Askari akamwambia binti yangu alete ushahidi Jumatatu, la sivyo atashtakiwa yeye. Tukasema kamera iliona. Tukarudi saluni, tukawasha. Mashine ikaandika kwamba haina diski ya kuhifadhi picha.

Jumamosi nikaibeba hadi River Road kwa mafundi, na vitambaa vyake. Fundi wa kwanza hakuifungua hata. Alisema kila diski lazima iwe na feni yake, ninunue, kisha tuanze kurekodi upya. Nikamuuliza kama yule mwanamume naye aje apige upya. Nikapanda ghorofani kwa mwingine.

Huyu alifungua skrubu, akaniuliza mashine ilikaa wapi. Nikamwambia kwenye rafu, juu ya draya ya nywele, na nimeifunika vizuri. Akatazama vitambaa mkononi mwangu.

"Shosho, diski yako haitaki feni. Inataka kuvuliwa sweta."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Akanieleza kwamba diski ikizunguka hupata joto, lakini ikiwa moja, hewa inayopita kwenye matundu ya mashine inatosha. Feni yake yenyewe inahitajika pale diski nyingi zimebanana, au mahali pana joto sana. Mimi nilikuwa nimeziba matundu. Niliuliza kama nimeiua. Akasema ni mgonjwa.

Akaielekezea feni ya mezani, ipoe wakati ananakili. Ilienda kidogo, ikanyamaza. Akangoja, akaanza tena. Mara nne hivyo. Nilisimama nikikunja na kukunjua vitambaa.

Kisha picha ikaja. Kioo, nywele, kiatu juu ya mkono wa mtoto wangu. Kisha mimi, na leso yangu ya kanisani, nikipiga. Na hapo nikaona kitu ambacho sikukikumbuka. Ile mara ya tatu nilimpiga akiwa ameshamwachilia, amepiga magoti, mikono juu.

Fundi akasimamisha picha. Akasema polepole, "Hapa mwisho naweza kukata, shosho."

"Usikate. Ukikata hapa, watasema tumekata na kule mwanzo."

Jumatatu askari aliitazama ile picha mara mbili. Jina la binti yangu akalifuta, akamfungulia faili yule mwanamume. Kisha akauliza yule mama wa chupa ni nani.

"Ni mimi."

"Na hii ya tatu?"

"Hiyo pia."

Akaniambia nikae kwenye benchi, nami nitaandikisha maelezo. Nikakaa. Binti yangu alitaka kubaki. Nikamwambia aende kazini, wateja hawangoji. Akatoka na plasta yake. Kabla hajafika mlangoni nikamwita, nikamkumbusha asiifunike ile mashine.