Kigari cha Gofu Kilichonyamaza

Mimi ni fundi wa malori hapa Mumbuni. Juzi Bi Mwende, meneja wa klabu ya gofu, aliniletea kigari cha betri kilichokosa nguvu ya kupanda mlima. Nikakifungia tairi ndogo ili kivute vizuri.

Siku ya kukijaribu, wazee wawili wa klabu wakapanda. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikarudia, nikatega sikio, bado kimya. Lori likiwaka mtaa mzima hujua. Nikawaomba wazee washuke na suruali zao nyeupe, tukasukuma mlimani tukihema.

"Fundi, kwani kimeharibika?" Bi Mwende akauliza alipotukuta njiani.

"Kimekataa kuwaka, madam."

Akaketi kwenye usukani, akakanyaga pedali. Kigari kikapanda mlima kimyakimya, kikatuacha watatu tumeinama, tunasukuma hewa.