Tulipowafukuza Nguruwe

Mwaka ule redio ilipoanza kutaja mafua ya nguruwe, mimi ndiye niliyejifanya daktari wa ukoo. Nilikuwa nauza mitumba, nikifuata marobota mpaka Kasesya, mpakani na Zambia, na mtu aliyezoea kubishana na watu wa forodha haoni taabu kumwamuru mama yake. Nikapanda basi mpaka kijijini kwetu, jirani na Laela, nikamwambia awaondoe nguruwe wake watatu kabla hawajatumaliza.

"Wanaumwa nini hao?" mama aliuliza. "Si unawaona wanavyonenepa?"

Sikumsikiliza. Mjini Sumbawanga wachoma kitimoto, nyama ya nguruwe, walikuwa wamekaa tu, hawana wateja, na kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Mama akawauza kwa bei ya kutupa kwa mtu wa kijiji cha pili, ambaye nadhani hakuwa na redio. Kisha akafagia banda, akafunga mlango wake kwa kamba ingawa ndani hamkuwa na kitu.

Niliyekuwa namhofia hasa ni mdogo wangu. Alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya mbili kuharibika, na alikuwa amerudi kwa mama kusubiri kujifungua. Mimba hiyo sote tuliibeba rohoni. Niliapa hakuna ugonjwa utakaomgusa, na nguruwe walipoondoka nikajiona nimemaliza kazi.

Majuma mawili baadaye nilirudi kutoka Kasesya ndani ya lori, watu wanne tumebanana mbele, vioo tumepandisha kwa sababu ya baridi ya kipupwe. Dereva alikohoa njia nzima huku akijifuta pua kwa kiganja. Mimi nilikuwa nikimweleza hatari ya kula nguruwe. Tulipofika mjini alinisaidia kushusha marobota, tukaagana kwa kupeana mikono.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa mama, koo likiniwasha, mwili mzito. Nani angejali? Kwetu Ufipa kipupwe kikiingia kila mtu ana kikohozi chake.

Jumapili hiyo, tulipotoka misa, mama alitoa togwa ya ulezi. Kwetu anayegawa huonja kwanza mbele ya anayepewa, ili mwenzake aone hakuna kitu kibaya ndani. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo niligawa mimi. Nikageuka kando nikakohoa, nikachota kwa kata, nikanywa funda moja, nikampa mdogo wangu kata ileile kwa mikono miwili. Aliiangalia kidogo. Kisha akaipokea, akanywa yote.

Siku ya tatu homa ikampanda. Siku ya nne alikuwa akihema kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na midomo imebadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali Sumbawanga. Daktari, kijana mpole, aliniuliza kwanza nani nyumbani anakohoa.

"Lakini nguruwe tulishawauza," nikasema.

Hakucheka. Alinieleza kwamba jina limetoka kwa nguruwe, ila sasa ugonjwa unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa kikohozi, chafya na mikono. Nyama iliyoiva vizuri haina kosa lolote. Mwenye mafua akae mbali na wenzake, akoholee kwenye kiwiko, anawe kwa sabuni, asichangie chombo na mtu. Na mjamzito akipata homa na kubanwa kifua, asisubiri hata siku moja. Kama ni mafua yenyewe au mengine hakuweza kuapa, kwa kuwa kipimo kilipaswa kupelekwa mbali, lakini dawa alimwanzishia palepale.

Kwa siku tano nilikaa kwenye benchi la nje, kitambaa mdomoni, nikimwona mdogo wangu kupitia dirishani. Nilijichukia. Wanyama watatu wazima niliwafukuza, halafu ugonjwa nikauleta mwenyewe, nikaukabidhi kwa heshima zote. Mama alikuwa akipita na uji wala haniulizi kitu, na hilo liliniuma kuliko angenigombeza.

Siku ya sita mdogo wangu aliweza kukaa. Mtoto alikuwa bado anacheza tumboni; aliniita dirishani anionyeshe gauni linavyotikisika. Nikalia pale pale mbele ya watu. Nikamwomba msamaha, nikamwambia sikujua.

"Mimi nilijua, dada," alisema. "Nesi wa kliniki alishatukataza kuchangia chombo na mtu anayekohoa."

"Sasa kwa nini ulikunywa?"

Alivuta pumzi.

"Ulikuwa umeshaionja, na mama anatuangalia. Ningeirudisha, ingekuwa kama nimesema dada yangu ameniwekea sumu."