Mkono wa Mama Taa

Kabla ya kuitwa Mama Taa alikuwa mpiga deki. Aliingia kwenye kliniki ile ya wanyama na ndoo na fagio, elimu ya darasa la saba, watoto watatu nyumbani, na woga wa mbwa ambao hakumwambia mtu. Kumbe wanyama wenyewe hawakuwa na habari na woga wake. Kuna paka aliyemparura daktari na kumpandisha dada wa mapokezi juu ya kiti, kisha akaja kujikunja kwenye aproni ya mpiga deki akalala fofofo. Daktari aliliona hilo akaliweka akilini. Siku ilipoletwa mashine ya mwanga, ya kuwatuliza maumivu mbwa na paka wazee wenye baridi yabisi, aliyeitwa ni yeye, wenye vyeti wakabaki wanatazamana.

Alifundishwa wiki nzima. Kichwa cha mashine kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni. Unakizungusha polepole juu ya nyonga, juu ya goti, hukiachi kikae mahali pamoja. Manyoya meusi yanashika joto upesi, kwa hiyo mbwa akiwa mweusi mkono uende mbio kidogo. Kila aliye chumbani avae miwani ya kukinga macho. Na ile nukta nyekundu inayoonekana siyo dawa.

"Hiyo ni kidole tu, inakuonyesha ulipo," daktari alimwambia. "Mwanga wenyewe hauonekani. Weka kiganja cha kushoto pembeni. Ukihisi uvuguvugu, kazi inafanyika. Mkono wako ndio kipimo changu, mama."

Maneno hayo aliyabeba hadi nyumbani kama mtu aliyetunukiwa. Mkono wake ulikuwa kipimo tangu zamani. Asubuhi kabla ya shule alipita na kiganja kwenye paji la uso la kila mtoto, akasema huyu nenda, huyu baki, na hakuwahi kukosea. Binti yake mkubwa alimtania kwamba hata wakimzika atatoa mkono nje kuwapima wajukuu homa.

Miaka miwili ilikwenda hivyo, wenye wanyama wakimwita Mama Taa. Daktari akimuuliza habari za watoto kwa majina yao, akila maandazi yake bila kusubiri kukaribishwa, akiwaambia wageni kwamba huyu ni dada yake, ila mama zao walisahau kuwatambulisha. Naye aliamini. Alikuwa mtu wa kukagua mara mbili mlango alioufunga mwenyewe, lakini kwa daktari hakukagua kitu.

Kisha ikaja wiki ile umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, taa mbili za mapokezi zikapasuka. Kesho yake mashine iliwaka kama kawaida. Ililia mlio wake, nukta nyekundu ikatokea, dakika zikahesabika. Ila kiganja cha kushoto hakikuhisi kitu. Alizima, akawasha. Baridi. Akaenda kumwambia daktari.

Daktari aliendelea kuandika. "Mama, una miaka mingapi vile?"

"Arobaini na tisa."

"Basi. Vidole huanza kufa ganzi umri huo. Mashine nimeikagua mwenyewe, ni nzima."

Mama Taa akasema lakini maji ya moto anayahisi. Daktari akajibu kwamba maji ya moto hata jiwe linayahisi, na wote wawili wakacheka.

Alicheka, ila neno lilikwisha kumwingia. Nyumbani alijichoma vidole kwa sindano, kimoja kimoja, kuona kipi bado kiko hai. Vyote viliuma, na bado hakuviamini. Asubuhi yake kitindamimba wake aliamka analalamika kichwa. Akamwekea kiganja, akahisi joto, lakini kiganja hakikuwa tena na sauti ndani ya nyumba. Ikabidi avuke ukuta amwite jirani aje kumshika mtoto.

"Leo wewe ndiye wa kuniuliza mimi?" jirani alisema, akidhani ni mzaha. Akamshika. "Huyu anawaka."

Mkono ulikuwa umesema kweli. Mama Taa akaiita bahati.

Wiki hiyo ndipo fundi redio mmoja alipomleta Bosi. Bosi alikuwa mbwa mweusi wa miaka kumi na minne, mdomo umejaa mvi, miguu ya nyuma inapepesuka. Fundi mwenyewe alikuwa mzee aliyefiwa na mke, anayekaa ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti, na kila mbwa alipotaka kwenda haja alimbeba begani kama gunia, chini na juu, kwa magoti ambayo nayo yalishachoka. Siku ya kwanza aliuliza kama hakuna mwanga wa nyongeza kwa mbeba mgonjwa.

Baada ya utani alisema la moyoni. Vidonge vilikuwa vimemharibu Bosi tumbo, havikuwezekana tena. Mwanga ulikuwa tegemeo la mwisho. Kama hadi mwisho wa mwezi mbwa hatapanda hata ngazi chache mwenyewe, angeomba sindano ya kumpumzisha milele. "Haifai aumie kwa sababu mimi naogopa kukaa peke yangu," alisema. "Utaniambia wewe. Wewe ndiye unayemshika."

Akamshika. Manyoya meusi, ambayo yangepaswa kushika joto kabla ya hesabu ya kumi, yalibaki baridi kama shuka la jana. Aliyasikia hayo, akajiambia ni ganzi, akamwambia mzee tumpe muda, mwanga huu haufanyi pupa. Kwa neno hilo fundi redio alimbeba mbwa wake kuja kliniki mara kumi na moja.

Mara ya kumi na mbili, wakati mashine inahesabu dakika, mzee alitoa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Alisema kwa kujifurahisha tu kwamba dukani kwake rimoti ikiletwa kuwa imekufa, kwanza huitazama kwa kamera ya mbele. Mwanga wa rimoti jicho haliuoni, kamera inauona. Alitaka auone na huu, maana alikuwa ameusikia sana. Akaielekeza kamera kwenye nyonga ya Bosi.

Kwenye kioo kulikuwa na nukta nyekundu. Basi.

Akatoka, akaazima rimoti ya televisheni ya mapokezi, akaibonyeza mbele ya simu. Doa la zambarau likawaka. Akarudi kwenye nyonga. Nyekundu tupu.

Hakupandisha sauti. "Mama Taa," alisema, "unammulikia nini mbwa wangu?"

Mama Taa aliingia ofisini kwa daktari na miwani bado usoni. Daktari alisimama kwanza kufunga mlango, na kwa kule kufunga mlango tu akawa ameshajibu. Akaeleza hata hivyo. Kifaa cha ndani kiliungua siku ile ya umeme, kingine kilikuwa njiani, na watu wakiambiwa mashine imekufa hawarudi. Wengi wa wanyama walikuwa kwenye vidonge, kwa hiyo hawakukosa kitu. "Na mikono yako inawatuliza, mama. Nusu ya tiba ni wewe."

Kilemba cha ukoka hicho aliacha kianguke sakafuni. Wengi walikuwa na vidonge, Bosi hakuwa navyo. Lakini aliuliza jambo moja tu.

"Uliponiambia mkono wangu umekufa ganzi, ulijua ni mzima?"

Daktari aliizungusha kalamu. "Ningekwambia kweli, ungeweza kuwatazama wenye wanyama usoni?"

Mama Taa alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi za daktari, akatoka. Kwenye meza ya matibabu hapakuwa na mbwa wala mwenye mbwa.

Kesho yake mchana alipanda ghorofa ya tatu, njia nzima akipanga maneno. Alikuwa nayo mengi, na yote yalikuwa ya mtu aliyeonewa. Mzee alifungua mlango nusu, mkono ukabaki kwenye komeo. Bosi alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma yake, mkia ukagonga mara moja. Mama Taa akasema yote: umeme, kiganja, sindano, jirani, kalamu ya daktari.

"Ulihisi baridi tangu siku ya kwanza?" mzee aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukamwambia daktari."

"Nikamwambia."

"Na mimi?"

Hilo hakuwa amelipanga. "Wewe sikukuambia, mzee wangu."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi aliyepata waya uliokatika mahali alipohisi. "Mwisho wa mwezi ni keshokutwa," alisema. "Nilikuwa nimepanga nikuulize wewe."

Mbwa alianza kuhangaika, anataka kutoka. Mzee aliinama kumbeba, goti likalia, akashika ukuta. Mama Taa hakuomba ruhusa. Alichukua taulo lililokuwa kwenye kiti, akalipitisha chini ya tumbo la Bosi, akashika ncha zote mbili kwa mkono wa kulia. Mzee akashika mbele. Wakaanza kushuka, ngazi kwa ngazi.

Kwenye ghorofa ya pili walipumzika. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa juu ya mgongo wa mbwa. Akakiteremsha upande mmoja, kisha wa pili, akarudia.

"Nyonga ya kulia ina moto," alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Ya kushoto haina. Hii ya kulia ndiyo inayomtesa."

Mzee hakugeuka. "Una hakika?"

"Ninayo."

"Na huo moto, utatulia?"

Siku mbili nyuma angemjibu tumpe muda. "Hilo mkono haujui," alisema.

Mzee alishika tena kifua cha mbwa. "Haya, mama," alisema. Neno Taa hakulitaja. "Basi tumwegemeze kushoto."

Wakamwegemeza kushoto, wakaendelea kushuka.