Adui Yetu wa Kizuizini

Familia nyingine za Jinja zilikuwa na mashine ya kusaga, au ng'ombe wa maziwa, au mjomba serikalini. Sisi tulikuwa na adui, na tulijivunia kuwa naye. Alikuwa askari wa jeshi la wakati ule, mrefu, shingo nyembamba, kola ya sare ikimpwaya. Alisimamia kizuizi kwenye barabara ya kwenda mashariki: mapipa mawili, gogo moja, na kiti cha shule alichokipata Mungu anajua wapi. Kwa miaka miwili niliamini kabisa kwamba mtu huyu aliamka kila asubuhi akiwaza jinsi ya kutuangamiza sisi, watu wanne wa nyumba moja ya mtaa wa Kimaka.

Baba alikuwa na pikapu ya bluu. Siku hizo sabuni, chumvi na sukari zilikuwa zimetoweka madukani, na mkulima aliyeuza kahawa yake kwa serikali alilipwa ahadi. Kwa hiyo tulibeba kahawa kwenda Mbale, na huko tulichukua sabuni, chumvi na sukari kutoka kwa madereva Wakenya, tukarudi nazo Jinja. Watu waliita biashara hiyo magendo. Baba aliiita safari, kama vile tunakwenda kuona wagonjwa. Mama, mzaliwa wa Mbale, alijua kila njia ya panya kati ya mashamba. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameachika mara mbili na hakuogopa kitu chochote chenye suruali. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, shule ilifungwa na kufunguliwa bila mpango, na kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma juu ya magunia nikitazama. Baadaye nilisoma chuo kikuu na kufanya kutazama kuwa taaluma.

Sukari ilisafiri tumboni mwa shangazi. Aliifunga kwa kanga chini ya gauni, kilo nane hivi, akatembea akishika kiuno na kuhema. Adui alimpitisha mara ya kwanza kwa heshima. Mara ya tano alisimama mbele yake na kuhesabu kwa vidole.

"Wewe mama, hii tumbo yako nazaa lini?"

"Mungu akipenda, afande, tukifika Jinja."

"Mwezi ile ingine pia ulisema Jinja."

"Basi tuache tufike!"

Akatupisha. Baba alicheka hadi Iganga, pikapu ikiyumba.

Kisa cha misumari ndicho tulichokipenda zaidi. Adui alipigilia misumari kwenye ubao na kuulaza barabarani kabla ya kizuizi, ameufunika kwa majani ya migomba. Tuliona kwa mbali, tukapunguza mwendo. Kabla hatujafika, gari la mkubwa wake lilitupita kwa kasi, na magurudumu mawili yakapasuka pamoja. Baba akashuka na pampu yake, viraka na gundi, akayaziba magurudumu yote mawili huku mkubwa akimtukana Adui kwa lugha tatu. Mwishowe mkubwa alimshukuru baba na kuamuru asipekuliwe. Tulikuwa na magunia sita ya kahawa chini ya turubai.

Kisha kulikuwa na siku ya gomesi, lile gauni refu la wanawake wa kwetu. Shangazi alikuwa Wanyange, ziwani, akiuza samaki, akamwona mwanamke mmoja mrefu mno amevaa gomesi la njano, mabega yamechongoka, amejitanda kitambaa usoni. Chini ya pindo vilionekana viatu vya jeshi. Shangazi akamwita kwa sauti tamu, "Dada, njoo, sangara wa leo huyu," akamuuzia samaki wa juzi. Adui alilipa bila kubishana. Jioni ile nyumbani tulifanya kikao. Baba alisema sasa adui ametuma ujasusi mpaka kwenye samaki wetu. Mama alisema tuwe makini. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo. Nchi nzima ilikuwa na hofu. Watu walichukuliwa mchana na hawakurudi, na jirani yetu aliacha kuwaita watoto wake kwa majina wakiwa barabarani. Sisi tulikuwa tumepata sehemu yetu ya hofu hiyo na kuifanya mchezo wenye mtu mmoja, mwenye shingo nyembamba, ambaye tungeweza kumshinda.

Alipohamishwa kutoka kizuizi chake hadi kingine karibu na Mbale, hatukuwa na shaka. "Ametufuata," alisema baba, kwa majivuno.

Ule ulikuwa mwaka wa imbalu. Kwa wasioujua: kila baada ya miaka miwili Wagisu huwatahiri vijana wao, na kwa wiki nyingi kabla ya kisu vijana hupita barabarani wakicheza, njuga mapajani, miili imepakwa unga, umati nyuma yao. Katika msimu huo mwanamume aliyekwepa kisu hana usalama Mbale. Wakimjua, humkamata hata kama ana mvi, na shughuli inafanyika pale pale. Mama alikuwa ametufundisha kusafiri katikati ya umati huo, kwa sababu askari wengi walikuwa watu wa mbali na waliuogopa.

Adui hakuuogopa, au hakuujua. Alisimamisha umati mzima, watu mia mbili na njuga zao, akataka vitambulisho. Ngoma zikanyamaza. Pikapu yetu ilikuwa katikati, na kahawa ndani. Akaanza kutembea kuelekea kwetu, taratibu, akimtazama baba.

Hapo sauti ikatoka kwenye pikapu yetu, kwa Lumasaba, lugha ya Wagisu: "Huyo mwenyewe hajatahiriwa!"

Sijawahi kuona uso wa binadamu ukibadilika upesi namna ile. Umati uligeuka kama mtu mmoja. Mzee mwenye bakuli la unga akamsogelea, akampaka kiganja kizima shavuni. Wanawake wakapiga vigelegele. Adui akarudi nyuma, akaangusha kofia, akapanda juu ya pipa, pipa likabingirika naye, na mara ya mwisho tulimwona akikata mbuga ndani ya shamba la mahindi, bunduki ikimgonga makalio. Ngoma zikaanza tena. Tukapita.

Kwa miezi kadhaa nyumbani kwetu kulikuwa na ugomvi juu ya nani alipiga kelele ile. Mama alisema ni yeye, Lumasaba ni lugha yake. Shangazi alisema mama hana mdomo wa namna hiyo. Baba naye, ambaye Lumasaba yake ilitosha kununua ndizi tu, alidai ni yeye. Kila mgeni alisimuliwa kisa, na kila mara mwenye sauti alikuwa mwingine.

Kisha vita vilifika. Mizinga ilisikika kutoka magharibi, na jeshi, likikimbia, likaanza kupita Jinja kuelekea mashariki na kaskazini: malori, baiskeli, ng'ombe, magodoro. Asubuhi ya siku ya tatu Adui aliingia uani kwetu na askari wanne. Hakutusalimu. Alimwonyesha baba pikapu kwa mdomo wa bunduki.

"Wewe najua hii barabara. Endesha."

Baba alimwomba anawe mikono. Akanawa, akamwambia mama kwamba atarudi kabla ya magharibi, akapanda. Hakurudi magharibi ile. Hakurudi.

Tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani aliyedai ile sauti. Wageni walipouliza, mama alikwenda jikoni. Tulijua sote kwamba baba alichukuliwa kwa ajili ya unga ule wa shavuni. Aliyepiga kelele ni mimi. Ndiyo mara ya kwanza naandika jambo hili, na nimeandika mambo mengi, mengine kwa tanbihi.

Amani ilikuja vipande vipande. Sabuni ilirudi madukani. Shangazi alipata kibanda cha vitambaa na hakufanya tena mzaha na mwanamume yeyote. Mama hakukaa eda. Mke aliyefiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi, kisha maisha yanaendelea; lakini yeye alikuwa hajafiwa, alikuwa amengojeshwa. Shehe alimweleza kwamba miaka ikishapita sheria ina njia yake. Mama akamjibu, "Nikae eda ya nani? Nionyesheni mahali alipoangukia." Hakutaka kingine. Kaburi, mto, kichaka, chochote kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Nilikuwa nimekwisha kuhitimu na kuanza kufundisha, dereva mmoja Mkenya, kati ya wale wa zamani wa sabuni, alipokuja kuniambia kwamba amemwona Adui sokoni Nakaloke. Nikapanda gari hadi Mbale, kutoka Mbale hadi Nakaloke. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa na neno "dhamiri" mara tatu ndani yake.

Alikuwa ameketi nyuma ya rundo la mipini ya majembe, yote imepinda. Shingo ilikuwa nyembamba zaidi. Nilijitambulisha. Akatabasamu kama mtu anayetumaini kuuza.

"Pikapu ya bluu," nilisema. "Barabara ya Jinja."

"Pikapu zilikuwa nyingi, mama."

"Shangazi yangu alikuwa na mimba ya sukari."

"Wanawake wote wa barabara ile walikuwa na mimba."

Nikamtajia misumari. Akakunja uso: ubao ule ulikuwa wa lori moja la magogo lililomgonga mbuzi wake. Nikamtajia gomesi la njano. Akaangalia huku na huku, akacheka kwa aibu. Kulikuwa na mwanamke Wanyange, alisema, na mume wa mwanamke huyo alikuwa mkali. Samaki aliyeuziwa alimfanya aharishe siku mbili.

"Na imbalu? Ulikimbia."

"Ai! Ile nakumbuka." Akashika shavu. "Mimi Mwislamu, mama, nilitahiriwa nikiwa mtoto. Lakini wewe unaweza kuwaonyesha watu mia mbili barabarani?"

"Nani alikupigia kelele?"

"Watu wote walikuwa wanapiga kelele."

Hakuwahi kutujua. Nilisimama pale na hotuba yangu, nikaelewa kwamba miaka ile yote tulipigana vita peke yetu. Ningepaswa kufurahi. Sauti yangu haikumchukua baba. Alichukuliwa kwa kuwa alikuwa na gari lililowaka. Badala yake nilihisi kama mtu aliyenyang'anywa hata hatia yake, na mikononi hamkubaki kitu.

Nikamuuliza juu ya dereva wa Kimaka. Akapanga mipini yake upya.

"Yule wa petroli," alisema. "Petroli iliisha kabla ya Soroti, karibu na kinamasi. Akachukua jerikani, akasema anarudi. Wenzangu wakasema twende, huyu anatoroka. Mimi nikasema hapana, huyu mtu mwaminifu. Nikamngoja mpaka jua linataka kuzama." Sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Akanitupa, mama. Tulitembea kwa miguu mpaka mwisho." Kisha akanitazama. "Kwani hakufika kwenu?"

Nilimpelekea mama habari hiyo. Aliisikiliza akiwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza aliuliza, "Miguuni alivaa nini?"

Sikuwa nimeuliza. Nikarudi Nakaloke juma lililofuata, nusu siku barabarani kwa swali moja. Adui alifurahi kuniona. Hakuwa amepata mteja.

"Ndara," alisema. "Nakumbuka vizuri. Alilalamika njia nzima kwamba ndara inakatika."

"Hakuwa na viatu?" nilimuuliza.

"Labda viatu ilikuwa yule mwingine. Siku zile tulichukua madereva watatu." Akahesabu kwa vidole, akapata watatu, akahesabu tena, akapata wanne. "Nawachanganya, mama. Nisamehe."

Akanipa mpini mmoja bila malipo. Niliuacha kituoni.

Mama alinijibu habari ya ndara kabla sijavua viatu. Baba yangu aliondoka na viatu vyeusi vya kamba, alisema, na hajawahi kulalamika mbele ya mtu mwenye bunduki. Akafunika ungo. "Huyo wa ndara ni wa mwanamke mwingine. Mwambie huyo mwanamke." Nikasema hatumjui, hata kijiji chake hakijulikani. Mama akasema basi kuna mtu mwingine anayekaa anangoja bure, na sisi ndio tunaojua. Eda hakukaa.

Mwezi uliopita nilimpeleka kupimwa macho kwa ajili ya upasuaji. Nilikuwa najaza fomu yake na kalamu ilikwisha gusa neno "mjane", mama akaweka kidole juu ya karatasi, kwenye kisanduku cha walioolewa. Hasomi Kiingereza, na haoni vizuri, lakini kisanduku alikijua. Nikakijaza. Muuguzi akaipokea, akaisoma, akauliza kwa adabu mume yuko wapi, maana upasuaji unahitaji sahihi yake. Mama aligeuza uso wake upande wangu na kungoja niseme.