Nilimwomba Mtani Anitukane Ili Nifaulu Chuo

Wenzangu walimaliza chuo kwa kusoma. Mimi nilimaliza kwa kutukanwa, tena niliomba mwenyewe.

Msicheke kwanza.

Nilikuwa mwaka wa mwisho hapa Suva, mji mkuu wa Fiji, nasomea kutengeneza programu za biashara. Kazi ya mwisho ilikuwa hivi: tafuta mfanyabiashara, mtengenezee programu, aitumie, kisha ulete malalamiko yake na uonyeshe umeyarekebishaje. Ukikwama hapo unarudia mwaka, na udhamini wangu ulikuwa unaisha mwaka huohuo. Nyumbani hakuna wa kunilipia.

Nikamtengenezea shangazi Losalini, muuza yaqona sokoni, ile mizizi tunayoitwanga kuwa kinywaji, programu ya mauzo na mzigo. Baada ya wiki tatu nikamfuata.

"Shangazi, programu ina tatizo gani?"

"Tatizo? Vinaka, asante mwanangu! Nzuri mno!"

Wasaidizi wake nao wakaitikia, "Nzuri mno!"

Nikavimba kichwa. Nikampelekea mwalimu wangu, Madam Sharda, sifa tupu.

Akasoma, akavua miwani. "Isikeli, programu isiyolalamikiwa haijatumiwa. Ijumaa unawasilisha. Njoo na mtumiaji anayelalamika, la sivyo tuonane mwakani."

Moyo paa!

Nani sasa atalalamika? Kwetu kumwambia mtoto wa ndugu yako kwamba kazi yake mbovu ni kukosa adabu. Nilirudi sokoni nikawasihi mpaka machozi yakanilengalenga. Wapi! Shangazi akanipa muhogo wa kula njiani.

Ndipo nikamkumbuka Maciu.

Maciu alikuwa dereva wa gari la mikate. Kijiji chao na chetu ni watani tangu enzi za mababu. Anakutukana, anakuchukulia vitu, na kununa huruhusiwi. Kwenye harusi ya dada yangu alibeba sufuria nzima ya nyama, nasi tukampigia makofi.

"Maciu, nataka unitukane."

"Bure?" Akacheka mpaka akashika usukani. "Hii nimeisubiri tangu nizaliwe!"

Nikampeleka kibandani kwa shangazi. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua.

"Mbona mmeifunika?" Maciu akauliza. "Imekufa?"

Shangazi akainamisha macho. "Isipate vumbi."

Wiki tatu nzima! Hata kuiwasha hawakuwahi. Nilitamani ardhi inimeze. Maciu akaivua kitambaa, akaiwasha, na siku zilizobaki wakaitumia wote.

Ijumaa ikafika. Darasa limejaa, shangazi na wasaidizi wamekaa nyuma, na mbele wamekaa watu wawili wa kampuni ya programu, wamekuja kutafuta vijana wa kuajiri. Maciu akaingia na kandambili.

Zangu.

"Programu hii," akaanza, "imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti!"

Watu wakaangua kicheko.

"Tazameni. Nauza kilo kumi, naweka alama ya kutoa mbele yake. Haya! Mzigo umeongezeka badala ya kupungua! Mama Losalini, jembe tupa, mtoto wako anafanya miujiza! Na hiki kitufe cha kufuta, nani kakiweka ubavuni mwa cha kuhifadhi? Vidole vyangu hivi! Nimeshafuta duka zima."

Shangazi uzalendo ukamshinda. "Na maandishi madogo! Siyaoni!"

"Na sisi tunauza kwa mafungu," msaidizi wake akadakia, "hiyo inajua kilo tu!"

Yakamwagika. Mimi naandika, jasho linanitiririka, na moyoni raha tupu. Madam Sharda alinipa wiki moja ya kurekebisha. Nilifaulu, jamani! Nilimkumbatia shangazi tukalia wote.

Lakini ngoja.

Siku ileile ya Ijumaa, wale watu wa kampuni waliinuka wakaja upande wangu. Nikajiweka sawa, nikanyoosha mkono. Wakanipita.

"Kaka," wakamwambia Maciu, "unafanya kazi wapi?"

"Kwenye mikate."

"Mikate achana nayo. Tunatafuta mtu wa kuziharibu programu zetu kabla wateja hawajaziharibu."

Mimi walikuja kuniajiri baadaye. Na nadhani mmeshajua nani anakagua kazi zangu. Kila asubuhi anafika mezani kwangu, anafungua chakula changu cha mchana, anavuta kiti.

"Haya, mtani, lete takataka ya leo."

Ndugu zangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanaokupenda wataifunika kazi yako kwa kitambaa cha maua. Kabla hujaipeleka mbele za watu, tafuta mtani aifunue.

Ila viatu ficha.