Shingo Iliyokataa Ndoo

Kwetu Chilangala, maji tuliyafuata bondeni. Ndoo kichwani, mikono inaning'inia, tone halimwagiki. Nilijivunia shingo ile, sitaki kusema uongo. Hata bomba lilipofika karibu niliendelea kubeba kichwani. Ndoo ya mkononi tuliiona ya wavivu.

Kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Korosho zikaniponyoka nikizinyofoa kwenye mabibo. Kifungo cha gauni nikawa nafungiwa na wifi yangu, dada wa mume wangu. Tukaichua mikono kwa maji ya chumvi msimu mzima, kumbe mikono haikuwa na kosa. Masasi walinipiga picha ya shingo, wakanituma hospitali kubwa. Mifupa ilikuwa inaubana uti wa mgongo, na nikichelewa, miguu nayo ingefuata.

"Wifi, shingo ikishapasuliwa haigeuki tena," wifi akanionya. "Utakuwa unageuka mzima mzima kama kabati."

Nikamfukuza jikoni kwangu, kisha nikalia, maana nami niliamini hivyo hivyo.

Daktari alikuwa kijana wa kumzaa. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamuuliza bila kupoteza muda kama ataikata misuli yangu.

"Zamani tuliibandua kwenye mfupa, mama. Siku hizi tunapita katikati yake, tunaisogeza pembeni, tunaupa uti nafasi, tunairudisha. Shingo itageuka, ukiifanyisha mazoezi. Ila ndoo ya kichwani, basi."

"Shingo ni yangu."

"Na uti ni wako pia, mama."

Nikakubali kupasuliwa.

Vidole vilirudi kimoja kimoja. Siku niliyofunga kifungo mwenyewe nilipiga vigelegele peke yangu chumbani. Mazoezi ya shingo niliyafanyia nyuma ya nyumba, nimeutazama ukuta, kwa sababu wifi akiniona angepiga mayowe na kuniletea mito. Miezi ikapita, naye bado anaamini amepata kabati.

Nikaanza kwenda bombani na kindoo cha mkononi. Pale hakuna anayejitwika: ukishajaza, mwenzio anakutwika, na kumkatalia ni sawa na kutoitikia salamu yake. Asubuhi moja wifi alikuwepo, na wanawake wengine wengi. Mazoea yana taabu. Nilipomaliza kujaza, akakinyanyua kindoo changu juu kama alivyofanya miaka yote.

"Inama wifi, nikutwike."

Niliona haya. Nusura niiname. Nikamkumbuka yule kijana na uti wangu, nikatikisa kichwa. Kulia, kushoto, kulia tena.

Wifi alibaki na kindoo juu, maji yakimchuruzika mikononi, macho yake kwenye shingo yangu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.