Mafuta Aliyopakwa Mrisho

Saa moja asubuhi, maji yamekupwa Salale, na Zabibu anatumbukiza kiwiko chunguni kupima joto. Mbele yake ameketi Mfaume, mkata boriti. Miguu yake imepauka kuanzia magotini, na ngozi ya muundi imepasuka kwa chumvi ya tope la mikokoni.

"Ongeza moto, bi Zabibu. Haya maji ya kuogeshea kitoto kichanga," Mfaume analalamika.

"Maji ya moto ndiyo yaliyokumaliza. Tulia."

Anaiacha miguu ilowe kwa muda wa kuchoma muhogo mmoja. Kisha anaifuta bila kuisugua, na kabla haijakauka vizuri anaipaka mafuta ya mbarika. Wengi hukosea hapo, anamwambia mwandishi wa gazeti aliyeketi kando. Husubiri mguu ukauke kau, ndipo wapake.

"Mafuta kazi yake kuyafungia maji ambayo ngozi imeshakunywa. Na ukipaka leo, kesho ukaacha, hukufanya kitu."

Kazi hii ameifanya miaka kumi na sita kwa ujira wa kibaba cha mchele kwa wiki. Kabla ya vita alikuwa na wateja ishirini. Sasa wamebaki wanne, na mbarika ni za kutafuta kwa mwenge wa makuti, maana mashamba yameachwa. Mwezi uliopita alishinda njaa siku tisa. Njaa hiyo haitaji mpaka aulizwe. Linalomtafuna ni jingine.

Mwaka jana vita vilipoanza, mdogo wake Mrisho alipita kwake akielekea milima ya Matumbi. Alikuwa ameshapewa maji ya dawa, yale yaliyosemwa kwamba yatazifanya risasi ziwe maji. Mganga aliyempa alimwekea miiko, na mmoja ulikuwa huu: mafuta yasiguse mwili wake mpaka vita vishe.

"Alikuja miguu imechanika, inatoka damu," Zabibu anasema. "Nikamwambia, lete nikutazame. Akasema, 'Dada, usiniguse. Utaniua.' Nami ndiye niliyemlea."

Adhuhuri Mrisho akapitiwa na usingizi barazani. Zabibu akatia vidole katika mafuta, akampaka.

Kijana aliamka, akaitazama miguu yake inavyong'aa. Hakugomba. Alikwenda ufukweni, akajisugua kwa mchanga mpaka damu ikatoka upya, kisha akachukua mkuki wake akaondoka. Siku ya nane habari ikafika kwamba amepigwa risasi.

Mwandishi alimkumbusha kwamba siku hiyo walianguka watu wengi sana, na wengi wao hawakuwa wamegusa hata tone la mafuta. Risasi ni risasi.

"Najua," Zabibu akajibu. "Ningekuwa sijui, ningelia nikanyamaza. Lakini yeye aliamini. Alikwenda vitani akijua amevunjiwa kinga yake, na aliyemvunjia ni mimi. Moyo gani ule aliokwenda nao?"

Yaliyofuata ndiyo mabaya zaidi. Mama yao, Mwantum, anakaa Mchukwi. Kule kila aliyekufa alisemwa kwamba amevunja miiko. Kwa Mrisho wakasema alilala na mwanamke njiani. Waliokuja matangani walikuwa watu sita, na hitima haikusomwa.

Miguu ya bi Mwantum ni mikavu tangu ujana, ikikosa mafuta siku mbili hutoka magamba. Zabibu alikuwa akimpaka siku ile mama alipomwuliza, "Mwanangu alivunja nini?"

"Nilikuwa nimeshika kisigino chake," Zabibu anasema. "Nikaendelea kupaka. Nikamwacha mzee wa watu aamini kwamba mwanawe mzinzi."

Hapo alilia. Mficha uchi hazai, husemwa, lakini ni rahisi kusema ukiwa si wewe. Tangu siku hiyo ni miezi mitano, na Zabibu hajarudi Mchukwi. Anasikia kwamba mama hataki kupakwa na mtu mwingine, na kwamba sasa anatembea kwa shida.

Mwandishi alimwuliza kama habari hii iandikwe au iachwe.

"Andika. Mama hajui kusoma, lakini mwalimu wa Mchukwi huwasomea watu gazeti barazani. Nipe siku tano tu nitangulie mimi. Asilisikie kwa mwalimu."

Siku tano amepewa. Ataondoka kesho na mtumbwi wa Mfaume, kisha atatembea.

"Sitafungua kibuyu cha mafuta," anasema. "Nitasema kwanza, mbele ya watu walewale waliomsema Mrisho. Mama akiivuta miguu yake nisiiguse, haki yake. Lakini mwanawe atasomewa hitima."